Daftari la Mjomba na Sanduku la Zabuni

Sanduku lilikuwa bado limefungwa kufuli mjomba aliponinong'oneza bei niliyokuwa nimeiandika.

Nilikuwa kwenye benchi la wanunuzi, chini ya turubai, katika uwanja wa chama cha msingi upande wa Newala. Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujapanda kutoka bonde la Ruvuma, na wakulima walikuwa wamejifunika vitenge na makoti wakisubiri mnada uanze. Mjomba alikuja kunisalimu kama kawaida. Nilisimama nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za mama, kisha akanisogelea sikioni. "Mpwa wangu, leo umeandika elfu tatu mia nne hamsini. Na umetaka ghala zima, kama tani mia mbili themanini hivi."

Sikumjibu. Bahasha niliifunga mwenyewe usiku, chumbani, Masasi, nikaitia mwenyewe sandukuni. Bei ile tuliijua mimi na bosi wangu aliyeko Dar es Salaam, basi. Nusu saa baadaye sanduku likafunguliwa, karani akaanza kusoma kwa kipaza sauti. Kampuni yetu: shilingi 3,450, tani 280. Iliyofuata, ambayo ilikuwa imenipiga mara tatu mfululizo msimu ule: shilingi 3,455, tani 280. Wakulima wakakubali, mzigo ukaenda kwa mwenzangu kwa tofauti ya shilingi tano.

Asiyeujua mnada wa korosho huenda akadhani palikuwa na bahasha iliyofunguliwa kwa siri. Hapakuwa na siri yoyote. Tangu msimu wa 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho za Mtwara chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2005, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS. Zikishapimwa hupelekwa ghala kuu, na chama kikuu huziuza kwa mnada. Sisi wa Masasi chama chetu kikuu ni MAMCU. Ukipanda uwanda kwenda Newala na Tandahimba unaingia eneo la TANECU. Kwa miaka mingi mnada ulikuwa wa sanduku: kila mnunuzi anaandika bei ya kilo moja na tani anazozitaka, anafunga bahasha, na bahasha zote zinafunguliwa mbele ya wakulima wenyewe. Mwenye bei ya juu alichukua tani zake kwanza, akafuata wa pili, hadi mzigo uishe. Kila mmoja alilipa bei aliyoiandika mwenyewe.

Kwa hiyo bei ilikuwa siri mpaka sanduku linapofunguliwa. Likishafunguliwa, kila ulichoandika kilisomwa hadharani, wiki baada ya wiki, kuanzia Oktoba hadi msimu uishe. Ukitaka kujua mtu anafikirije, hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Kaa, sikiliza, andika.

Mjomba ndivyo alivyofanya. Alikuwa na daftari la mistari, lile la wanafunzi, lenye jalada lililolainika kwa jasho. Jioni ya siku ile nilimfuata nyumbani, akaliweka mkekani mbele yangu. Kwetu uwanda huu mjomba si mtu wa kumkwepa. Ndiye mwenye neno kwenye ukoo, na akikuita unakwenda. Alikuwa ameugawa kila ukurasa kwa rula: tarehe, ghala, tani, daraja, jina la mnunuzi, bei. Mistari ya kampuni yangu alikuwa ameipigia alama ya kalamu nyekundu.

"Tazama," akasema. "Ukilitaka ghala kweli, unaandika ghala zima. Ukiwa umetumwa tu uonekane upo, unaandika tani thelathini, arobaini, na bei ya kuokoteza. Na ukilitaka ghala kweli, bei yako inaishia hamsini. Kila mara. Sasa mtu akusome vipi zaidi ya hapo?"

Ilikuwa kweli tupu. Bosi alikuwa akinipigia simu siku moja kabla ya mnada kunipa ukomo: usivuke bei hii. Mimi nilikuwa napunguza shilingi 50 kwenye ukomo ule, nikijiona mtunzaji mzuri wa fedha za tajiri. Mwenzangu alikuwa na vipimo vilevile vya ubora nilivyokuwa navyo. Alijua bei ya Mtwara bandarini kama nilivyoijua. Akikisia ukomo wetu, anatoa hamsini, anaongeza tano.

Lakini lililoniingia moyoni ni alilolisema baadaye, wakati shangazi alipokuwa ameshatuletea ugali na kisamvu. Alirudisha kurasa nyuma hadi mnada wa wiki iliyotangulia, kule Tandahimba, ambako kampuni yangu haikupeleka bahasha. Kwa korosho za ubora uleule, mwenzangu aliandika 3,500.

"Kule hukuwapo, akaogopa asiyemjua, akaweka mia tano. Leo amekujua, akaweka mia nne hamsini na tano. Shilingi arobaini na tano kwa kilo moja zimekwenda wapi? Ukisomeka wewe, mpwa wangu, tunaoumia ni sisi."

Nilipiga hesabu kichwani njiani nikirudi Masasi. Shilingi 45 mara kilo 280,000 ni shilingi 12,600,000. Fedha hizo zingegawanywa kwa wanachama wa AMCOS ile, watu wanaopulizia salfa tangu Juni ili ubwiriunga usile maua, wanaookota korosho moja moja chini ya miti migongo ikiuma. Miaka yote nilikuwa nikiamini kwamba mnunuzi na mkulima wamekaa pande mbili za mizani, kwamba ujanja wa mmoja ni hasara ya mwingine. Daftari lile lilinionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: mnunuzi anayetabirika humsaidia mnunuzi mwenzake kumpa mkulima kidogo.

Dawa ya ugonjwa wangu niliipata Masasi, kwenye nyumba ya wageni tuliyokuwa tukipanga msimu mzima, kwa mzee mmoja mkaguzi wa ubora kutoka Kollam, Kerala, mji wa viwanda vya kubangulia korosho. Yeye alifanyia kazi kampuni nyingine isiyoshindana nasi. Kazi yetu mchana ilikuwa moja. Unachoma gunia kwa bambo, unatoa sampuli, unapima kilo moja, unakata kila korosho kwa kisu cha mkono na kutenganisha kiini kizima, chenye madoa na kilichooza. Viini vizuri vikifika gramu 283 hivi katika kilo moja, unaandika ratili 50, maana yake gunia la kilo 80 litatoa ratili 50 za kiini. Mafuta ya ganda yanababua ngozi. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi, vimechubuka kama vya mtoto aliyekula mabibo mabichi.

Usiku tulicheza pokeri. Hatukuweka fedha; tulitumia korosho ghafi zilizobaki kwenye sampuli, kila mmoja akianza na 100. Unapewa karata mbili za siri, nyingine tano zinafunuliwa mezani kidogo kidogo, na kila zinapofunuliwa mtu anaweza kuweka dau, kulifuata au kutupa karata zake. Mimi nimekulia kwenye bao. Bao ni mchezo wa uwazi mtupu: kete zote 64 ziko machoni pa kila mtu, hata pa watoto waliosimama nyuma, na anayeshinda ni mwenye kuhesabu mbali. Mjomba alinifundisha kuhesabu. Hakunifundisha kuficha, kwa sababu kwenye bao hakuna pa kufichia.

Kwenye pokeri nililiwa korosho zangu zote usiku tatu mfululizo. Usiku wa nne mzee alinionea huruma. Alichukua kitita, yaani korosho zilizokuwa katikati, akazipanga kwenye meza mafungu mawili.

"Ukiwa na karata nzuri unaweka ishirini," akasema kwa Kiswahili chake cha Mtwara. "Ukiwa na mbaya unaweka tano. Mimi sihitaji kuona karata zako. Nahesabu korosho zako tu."

Yalikuwa maneno ya mjomba yaleyale, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kumwona mjomba.

Kilichofuata kiliniumiza zaidi kuliko kule kupoteza. Niliamua kubadilisha madau ovyo: leo 40 kwenye kitita cha korosho sita, kesho mbili kwenye kitita cha 50. Nilidhani nimekuwa fumbo. Mzee hakuhangaika. Nikiweka 40 kwa karata mbovu kwenye kitita kidogo, alisubiri awe na karata nzuri, akanifuata, akachukua 40 zangu. Alinieleza kwamba dau lazima lilingane na kitita, ama nusu yake, ama sawa nacho, na mara chache zaidi yake. Kinachotakiwa kubadilika ni uhusiano kati ya dau na karata. Nusu ya kitita iwe wakati mwingine ni karata nzuri, wakati mwingine ni mbovu. Kitita kizima vilevile. Hapo anayehesabu korosho zako atakuwa amehesabu korosho tu.

Nilimuuliza mtu anachaguaje, maana akili ya binadamu haiwezi kubahatisha. Ukiiambia ibahatishe inarudi kwenye mazoea yake. Akanyanyua mkono akanionyesha saa. Kabla ya kuweka dau hutazama mshale wa sekunde. Amejiamulia mapema: mshale ukiwa robo ya kwanza ya uso wa saa, anaweka kubwa, ukiwa kwingine, ndogo. Robo ameipanga yeye kwa hesabu. Zamu gani iangukie robo ile, anaiachia saa. Nilikuwa nimemwona akitazama saa usiku kucha nikidhani ana usingizi.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili lina wanachuoni wake. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alionyesha mwaka 1928 kwamba katika michezo ya watu wawili ambapo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, mkakati bora aghalabu ni ule unaochanganya mienendo kwa uwiano uliokokotolewa. Katika kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern mwaka 1944, pokeri imepewa sehemu yake. William Vickrey aliichambua minada, ikiwemo ya bahasha zilizofungwa, katika makala ya mwaka 1961, na mwaka 1996 akashirikishwa katika Tuzo ya Nobel ya uchumi. Na Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyoundwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda mabingwa wanne wa pokeri katika mizunguko 120,000. Miongoni mwa mambo yaliyowasumbua mabingwa hao ni ukubwa wa madau yake: wakati mwingine madogo kuliko desturi, wakati mwingine mara kadhaa ya kitita, na dau lilelile likiweza kuwa la karata ya nguvu au la karata tupu. Nilifurahi kuyasoma hayo, lakini kwangu mwalimu wa kwanza atabaki mzee wa Kollam na vidole vyake vyeusi.

Wiki iliyofuata nilimpigia bosi nikamwomba ruhusa. Nilimwambia sitavuka ukomo wake hata kwa shilingi moja. Nilichotaka ni uhuru wa kuchagua umbali wa kukaa chini yake, na tani za kuomba. Akanipa msimu mmoja.

Nilijiandikia njia tatu. Ya kwanza, kukaa karibu kabisa na ukomo, pungufu ya shilingi tatu au saba, lakini kwa tani chache. Ya pili, kukaa katikati kwa ghala zima. Ya tatu, kukaa chini kabisa, kwa tani nyingi au chache vilevile, ili tani 280 zisiwe tena kengele ya kutangaza nia yangu. Niliamua ghala nzuri zipate zaidi njia ya kwanza na ya pili, ghala dhaifu zipate zaidi ya tatu, lakini kila njia ipate nafasi kila mahali. Kisha natazama saa. Na bei zangu ziliacha kuishia hamsini. Nikaandika 3,461, nikaandika 3,518, nikaandika 3,394.

Sitasema ilikuwa kazi nyepesi. Mnada mmoja wa Masasi, saa ilinielekeza kwenye njia ya tatu kwa ghala ambalo tulilihitaji sana kujaza makontena. Nikatii. Tukalikosa. Malori matatu yalilala siku mbili kando ya barabara, chini ya vilima vya mawe vya Masasi, madereva wakidai posho, na bosi alinisema kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Usiku ule nilitamani kurudi kwenye hamsini zangu. Mtu akishaamua kuchanganya, jaribu kubwa ni siku mchanganyiko unapomdai. Ukiukimbia siku hiyo, umeshaanza kusomeka upya, maana mwenzako atajua kwamba kwenye ghala unalolihitaji sana huwa hushuki.

Nilivumilia. Wiki ya nne mwenzangu aliandika shilingi 38 juu yangu, na iliyofuata akaandika 61 juu. Alikuwa amenipoteza. Sikuwa na dau jipya kubwa kuliko zamani. Ukomo wa bosi ulikuwa uleule kasoro mabadiliko ya soko. Lakini yeye hakujua tena nimekaa wapi chini ya ukomo ule, na woga wake ukawa unalipwa kwa mkulima. Nami nilipolipata ghala, nililipata mara nyingine kwa bei ya chini kuliko ile niliyozoea kuiandika, kwa sababu alikuwa amehamishia tani zake kwingine akidhani nitakuja na nguvu.

Mwisho wa msimu nilipanda tena uwanda. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na pale inapoanza kupanda kuelekea Newala dereva aliingiza gia ndogo tukaangalia nyuma tambarare ya Masasi ikibaki chini na mawe yake. Mjomba alitoa daftari. Kwa mizigo sita ya mwisho alikuwa amekisia bei yangu kabla ya sanduku kufunguliwa, kwa penseli, pembeni. Alipata mmoja.

"Umekuwa mtu mwingine," akasema. Alifurahi kwelikweli, akaagiza jogoo achinjwe.

Kuna jambo ambalo hakuna saa wala hesabu inayoliweza. Kubadilisha dau kunasaidia pale tu wanunuzi wanaposhindana. Oktoba 2018 bei zilizosomwa kwenye minada ya kwanza zilikuwa chini ya shilingi 3,000, wakati msimu uliotangulia zilivuka 4,000, na wakulima wa uwanda huu walikataa kuuza. Novemba ile Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kwenye maghala kusomba. Mimi nilikuwa nimeshaiacha kazi ya bahasha. Nilikaa nyumbani nikitazama malori ya kijani yakipita, nikikumbuka jinsi uwanja wa mnada ulivyo hai pale mnunuzi mmoja asipojua mwenzake ameandika nini.

Siku hizi sanduku halipo. Tangu msimu wa 2024 korosho zinauzwa kupitia soko la bidhaa, TMX, na zabuni huingizwa kwa mtandao. Ni hatua njema. Imepunguza mikono mingi inayogusa bahasha. Ila ninachokiona ni kwamba taarifa zinazotufikia kwenye simu mnada ukiisha hubeba hasa mambo mawili: bei ya juu na bei ya chini. Kampuni kubwa zina watu wa kuhifadhi kila zabuni iliyopita na kuisoma. Mkulima anabaki na namba mbili.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makatibu na wajumbe wa bodi za AMCOS, Newala, Masasi, Tandahimba na Nanyumbu. Mnada ukiisha, bandikeni ubaoni orodha nzima: ghala, tani zilizoombwa, bei ya kila zabuni, ya aliyeshinda na ya aliyeshindwa. Na nyinyi wanachama, mkiona orodha haipo, iombeni. Daftari la kuandikia linauzwa duka lolote, na penseli pia.